Jalada Ndani ya Fungu: Somo la Kupanga Kumbukumbu za Chama

Na ichukuliwe kwamba asubuhi moja ya mvua za Machi mama mmoja amefika katika ofisi ya chama cha msingi kilichoko katika milima ya Kasulu. Mumewe, aliyekuwa mwanachama kwa miaka mingi, amefariki dunia. Mama huyo anataka mambo mawili: kujua marehemu alikuwa na hisa ngapi, na kupokea malipo ya pili ya kahawa aliyoipeleka marehemu chamani msimu uliopita. Katibu hayupo, amekwenda Kigoma mjini kwa shughuli za chama. Yupo karani, na kabati lipo, tena limejaa. Karani anaufungua mlango wa kabati, anayatazama marundo, anaufunga tena.

"Pole sana, mama," asema. "Hebu umngoje katibu arudi. Yeye ndiye anayejua karatasi zilipo."

Katika jibu hilo hamna ufidhuli wala nia mbaya. Lakini mna kosa ambalo vyama vingi vimelizoea hata havilioni tena: kumbukumbu za chama zimehamia kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, ofisi imefungwa ingawa mlango u wazi. Akihamishwa, akiugua, au muda wake ukiisha kwa uchaguzi, chama huanza upya kama kwamba kimeandikishwa jana. Na mama yule, aliyetembea tangu alfajiri kwa miguu yenye udongo, anarudi nyumbani bila jibu, na huko njiani anakutana na wanachama wengine wanaomwuliza chama kimemwambia nini.

Somo hili linahusu namna ya kuzipanga karatasi za chama katika mafungu, na majalada ndani ya mafungu, ili karatasi yoyote iweze kupatikana na mtu yeyote mwenye idhini ya kuitafuta, si na yule aliyeiweka tu.

Rundo, kifurushi na kabati

Katika vyama vingi vya Kasulu na Kibondo, kama ilivyo kwingineko nchini, karatasi hazikosekani. Zipo nyingi mno. Kinachokosekana ni mahali pake. Stakabadhi za msimu hufungwa kwa kamba na kuwekwa katika sanduku la bati. Barua hutiwa katika bahasha kubwa kwa kadiri zinavyoingia. Mihtasari ya mikutano hubaki katika daftari ambalo katibu huenda nalo nyumbani. Huo ni upangaji wa kufuata siku: kilichokuja mwisho kiko juu. Unafaa kwa mtu anayetafuta jambo la juzi. Kwa anayetafuta jambo la miaka kumi iliyopita haufai hata kidogo.

Wala jambo hili si la wakulima pekee. Ofisi za Ulaya na Marekani nazo zilikunja barua, zikaziandika mgongoni kwa kifupi, zikazifunga vifurushi na kuzichomeka katika vijumba vya ukutani, hata ilipokaribia kwisha karne ya 19. Kabati la kusimamishia majalada wima, moja nyuma ya jingine, lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, na tangu hapo likaenea duniani pamoja na makarani wake. Kabla ya hapo, mwaka 1876, Mmarekani Melvil Dewey alikwisha kutoa utaratibu wake wa kupanga vitabu: elimu yote katika makundi kumi, kila kundi likawa na vigawanyo kumi, na kila kigawanyo kikagawanywa tena. Msomaji aliyepata kuingia katika maktaba ya umma na kuziona namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu ameiona kazi hiyo.

Hata hivyo chama hakiwezi kuuiga utaratibu wa maktaba mzima mzima. Kitabu kikishachapwa hakiongezeki kurasa. Jalada huongezeka kila wiki, na jambo ambalo leo ni karatasi moja huenda mwakani likahitaji jalada lake lenyewe.

Serikali nayo ina utaratibu wake, ule wa masijala, na kila katibu aliyewahi kupokea barua ya wilaya ameuona pasipo kuutambua. Juu ya barua pameandikwa Kumb. Na., kisha herufi na tarakimu zilizotengwa kwa mikwaju. Si mapambo. Sehemu ya kwanza yaonyesha ofisi iliyoandika. Zinazofuata zaonyesha fungu, jalada lililomo katika fungu, na aghalabu namba ya karatasi yenyewe ndani ya jalada. Anayejibu barua akiitaja namba hiyo, jibu lake litafika katika jalada lake hata kama aliyeandika barua amekwisha kuhamia Lindi.

Jalada lipewe jina la nani?

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na hapa ndipo vyama vingi vinapokosea. Katibu anapoanza kupanga, wazo la kwanza linalomjia ni kuyapa majalada majina ya wale wanaoleta barua: jalada la wilaya, jalada la chama kikuu, jalada la benki, jalada la bodi ya zao. Upangaji huo waonekana mwepesi, kwa sababu barua yenyewe imebeba jina la mwandishi. Ubaya wake huonekana baadaye.

Ofisi hubadilika, ilhali kazi hubaki, na historia ya ushirika wa Tanzania ni shahidi. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Baada ya Uhuru vyama vikuu vilienea hadi mikoani. Mwezi Mei 1976 vikavunjwa. Vijiji, chini ya sheria ya mwaka 1975, vikachukua nafasi ya vyama vya msingi, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama vikuu, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Mamlaka zikageuka bodi. Ikaja sheria ya mwaka 1991, ikaja ya mwaka 2003, kisha Sheria Na. 6 ya mwaka 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika mkoa wa Kigoma wenyewe, mwaka 2012 Kakonko ilitengwa na Kibondo ikawa wilaya, na Buhigwe ikatengwa na Kasulu. Chama cha Manyovu kilichozoea kuandikiana na Kasulu kikajikuta kiko katika wilaya nyingine bila ghala lake kusogea hata hatua moja.

Chama kilichopanga majalada yake kwa majina ya ofisi kingelazimika kufungua kabati jipya kila yalipotokea mabadiliko hayo. Madeni ya pembejeo yangekuwa nusu katika jalada la mamlaka na nusu katika jalada la bodi, na hakuna mtu ambaye angeyaona yote pamoja. Bali jalada lililoandikwa "Mikopo ya Pembejeo" lingepita katika miaka hiyo yote bila kubadilishwa jina, likipokea barua za kila ofisi iliyokuja na kuondoka.

Kwa hiyo jalada lipewe jina la kazi. Lisipewe jina la ofisi, wala la mwenyekiti, wala la mtu aliyeleta karatasi.

Mafungu ya chama

Hakuna mgawanyo mmoja unaofaa kila chama. Chama cha wakulima wa tumbaku wa Kibondo kina karatasi nyingi za mikopo na mikataba; chama cha kahawa kina karatasi nyingi za mizani, daraja na malipo ya awamu; chama cha akiba na mikopo hakina zao kabisa. Lakini kwa chama cha msingi cha wakulima mafungu matano aghalabu hutosha.

La kwanza ni chama chenyewe: cheti cha kuandikishwa, masharti ya chama na marekebisho yake, mihtasari ya mikutano mikuu na ya bodi, orodha ya viongozi, taarifa za wakaguzi. La pili ni wanachama. La tatu ni fedha, ambamo mna benki, mikopo, makisio ya mwaka na hesabu zilizofungwa. La nne ni mazao, kila zao na jalada lake, na kila msimu na sehemu yake ndani ya jalada. La tano ni mali: kiwanja, ghala, mizani, vyombo na bima. Watumishi, kama wapo wawili au watatu tu, waweza kukaa ndani ya fungu la kwanza. Wakiongezeka watengewe fungu lao, nalo lifungwe kwa ufunguo, kwa maana mshahara na ugonjwa wa mtu si habari za kusomwa na kila apitaye.

Kila fungu lipewe tarakimu, kila jalada tarakimu yake ndani ya fungu, na kila karatasi namba yake kwa kadiri ilivyoingia. Karatasi ya 14 katika jalada la pili la fungu la tatu huandikwa 3/2/14 kwa wino katika pembe ya juu kulia. Jalada likinenepa hata kamba ikashindwa kulifunga vizuri, lifungwe, liandikwe juu yake tarehe ya kufungwa, na lifunguliwe juzuu ya pili yenye namba ile ile. Lisigawanywe kwa haraka kuwa majalada mawili yenye majina mapya.

Jalada la wanachama lahitaji maneno machache zaidi. Yapo makatibu wanaolipanga kwa majina, na wapo wanaolipanga kwa vijiji. Majina hujirudia katika ukoo, na karani huyaandika leo hivi na kesho vile. Vijiji navyo vimekwisha kuonyesha udhaifu wao: katika Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972 watu wengi wa Kasulu na Kibondo walihamishwa kutoka katika makazi yao ya zamani, na baadaye mipaka ya vijiji na kata ikachorwa tena mara kadha. Namba ya uanachama haihami. Wanachama wa 1 hadi 100 wawe jalada la kwanza, wa 101 hadi 200 la pili, na kuendelea. Mwanachama namba 247 basi yumo katika 2/3, na hati zake zote, yaani ombi la kujiunga, hisa, na fomu ya kumtaja mrithi, ziko pamoja katika 2/3/247, ambapo tarakimu ya mwisho ni namba yake yeye mwenyewe badala ya namba ya karatasi. Mtu asiyeikumbuka namba yake atatafutwa kwanza katika daftari la wanachama, ambalo kwa kanuni ya zamani ya ushirika huwa wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kulitazama.

Karatasi yenye nyumba mbili

Ugumu wa kweli wa kazi hii hauko katika karatasi nyepesi. Uko katika zile zinazodai kuingia mahali pawili au patatu kwa pamoja.

Benki imeandika barua. Inakubali kukikopesha chama fedha za mbolea ya tumbaku, kwa sharti kwamba ghala la chama liwe dhamana mpaka deni lishe. Barua hiyo ni ya fedha, ni ya zao, na ni ya mali. Karani mwenye bidii huenda akatoa nakala tatu na kuzitia katika majalada matatu. Asifanye hivyo. Nakala tatu zitapata maisha matatu: moja itaandikwa pembeni kwamba riba imepunguzwa, ya pili itaazimwa isirudi, ya tatu itabaki na maneno ya awali, na siku ya ukaguzi haitajulikana ipi ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Swali la kujiuliza ni hili: kazi inayofuata juu ya karatasi hii itafanyika wapi? Kazi inayofuata ni kulipa deni. Basi barua yenyewe ikae katika fedha, jalada la mikopo, tuseme 3/2/14. Katika jalada la ghala itiwe karatasi ndogo ya rejea, ikiwezekana ya rangi nyingine, yenye maneno mawili matatu: "Ghala limewekwa dhamana kwa benki. Tazama 3/2/14." Na katika jalada la tumbaku la msimu huo iwemo nyingine kama hiyo.

Karatasi hiyo ndogo yaweza kuonekana kama mchezo wa makarani. Lakini baada ya miaka minne bodi mpya imechaguliwa, nayo yataka kulipangisha ghala, au kuliuza na kujenga jingine karibu na barabara. Wajumbe wa bodi hawatafungua jalada la mikopo, hawana sababu. Watafungua jalada la ghala. Wakiikuta rejea, watajua kwamba nyumba hiyo ina neno juu yake. Wasipoikuta, watatia sahihi mkataba ambao chama hakina haki ya kuutia, na aliyeujua ukweli amekwisha kuondoka madarakani.

Deni likiisha, rejea isinyofolewe. Iandikwe juu yake tarehe ya kuisha na namba ya barua ya benki ya kuthibitisha.

Ngazi zisizidi tatu

Mtu akishaionja raha ya kugawanya, huenda asijue pa kuacha. Hufungua fungu la mazao, ndani yake kahawa, ndani yake msimu, ndani yake mwezi, ndani yake kituo cha kupokelea, ndani yake aina ya fomu. Na mwisho wa safari hiyo ndefu pana karatasi mbili. Mgawanyo wa namna hiyo huficha kama rundo linavyoficha. Fungu, jalada, na sehemu ya msimu au ya mwanachama: ngazi tatu zatosha kwa chama cha msingi. Fungu lenye jalada moja halijastahili kuwa fungu.

Na lipo jalada moja la hatari kuliko yote, nalo huitwa "Mengineyo". Katika ajenda ya mkutano neno hilo lina kazi yake. Katika kabati ni shimo. Kila karatasi inayomchosha karani mchana wa joto huishia humo, na baada ya mwaka jalada hilo ni nene kuliko mengine yote. Ikilazimu liwepo, basi lifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, na karatasi zake zitafutiwe makwao. Zikionekana tano au sita za jambo moja, hilo limejieleza kwamba ni jalada jipya.

Juu ya yote iwepo orodha ya majalada, katika daftari gumu la kurasa chache, yenye namba, jina, tarehe ya kufunguliwa, na nafasi ya kuandika nani ameliazima jalada na lini. Jalada jipya lisifunguliwe kabla halijaandikwa humo.

Kuhusu kabati lenyewe hakuna mengi. Nchi ya juu ina ukungu na unyevu, na mchwa hawaulizi karatasi ni ya nani: kabati lisiegemezwe ukutani, miguu yake isimamishwe katika makopo yenye oili chakavu, na vibanio vya chuma vitolewe kabla havijashika kutu na kuila karatasi. Cheti cha kuandikishwa na hati ya kiwanja visifungwe katika kabati la kila siku. Humo iwekwe nakala, na hati zenyewe zikae mahali pa salama penye funguo mbili.

Tarakilishi na simu

Vyama sasa vinatumia tarakilishi, na taarifa nyingi hutumwa serikalini kwa Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU. Baadhi ya makatibu wamedhani kwamba kwa sababu hiyo masomo ya kabati yamepitwa. Kinyume chake ndicho kweli. Ndani ya tarakilishi mna makabrasha, na ndani ya kabrasha huwekwa kabrasha jingine, na chombo hakina kamba ya kukatika wala mlango wa kugoma kufungika ili kumwonya mtu kwamba amezidisha. Ngazi kumi hufunguliwa kwa dakika moja.

Basi mafungu ya kwenye kioo yawe yale yale ya kwenye kabati, kwa namba zile zile na kwa majina yale yale. Picha ya barua ya benki iwe katika kabrasha 3, ndani ya 2, na jina lake lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-15, kwa kuwa chombo hupanga kwa tarakimu ya kwanza na hakijui kwamba Machi hutangulia Aprili. Majina kama "barua mpya" na "barua mpya kabisa" yapigwe marufuku. Baada ya wiki moja hakuna mtu anayejua upya wake ulikuwa upi.

Picha za stakabadhi zilizobaki katika simu ya katibu hazijawa kumbukumbu za chama. Ni mali ya chama iliyomo mfukoni mwa mtu, kama lile daftari la mihtasari lililokwenda nyumbani. Zihamishwe siku ile ile, na nakala ya makabrasha yote itolewe kila mwisho wa mwezi na kuwekwa nje ya ofisi, kwa maana moto na mwizi huchukua tarakilishi na kabati kwa safari moja.

Kikundi cha kujifunza katika chama chaweza kuanzia na maswali haya. Kwanza: mjumbe mmoja achague mwanachama yeyote, kisha karani, bila msaada wa katibu, atafute fomu ya mrithi wa mwanachama huyo; imechukua dakika ngapi? Pili: je, ghala la chama lina dhamana, na ni karatasi gani inayolithibitisha jambo hilo? Tatu: ni majalada mangapi katika kabati yenye jina la ofisi ambayo haipo tena, na kila moja lina kazi gani ndani yake?